Mtaa Uliofuta Majina Yake

Uwesu Kapama, muuza nyavu, kamba na maturubai wa Mtaa wa Mninga pale Mpanda mjini, hakuwahi kukosa kupiga kura, na kwa miaka mingi hakuwahi kumchagua mtu. Kila uchaguzi ulipofika alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akawahi foleni mapema, akachovya kidole kwenye wino kama wenzake. Akishaingia kwenye kile kijisanduku cha kupigia kura, alichora mstari mmoja kutoka juu hadi chini, ukapita juu ya wagombea wote bila upendeleo. Kisha alikunja karatasi vizuri, akaitumbukiza, akarudi dukani akiwaonyesha watu kidole chake.

"Nimetimiza haki yangu," alisema, na hakuwa anadanganya.

Siri hiyo aliijua mke wake tu, Nasma, binti wa wauza dagaa wa Ikola. Alijua kwa sababu Uwesu mwenyewe alimsimulia mwezi ule ule waliooana, kwa majivuno, kama vijana wengine wanavyosimulia mpira. Chanzo chake kilikuwa cha zamani. Alipokuwa kijana alimpigia debe mgombea mmoja kwa moyo wake wote, akafunga spika nyuma ya baiskeli na kuzunguka hadi mashambani kule mwisho wa Misunkumilo, akipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mgombea akashinda. Siku moja baadaye wakakutana stendi. Uwesu akanyanyua mkono kusalimia, mheshimiwa akapandisha kioo cha gari.

"Pengine alikuwa anakimbia vumbi," Nasma alizoea kumwambia.

"Vumbi lilikuwa upande wa pili, mama Zena."

Hivyo ndivyo alivyoishi, hana chama, hana kadi, hana kofia ya kugawiwa. Kila mwanasiasa alimwona mwizi ambaye bado hajapata nafasi, na kila tozo aliipokea kama mtu anayekanyagwa mguu na mtu asiyeomba radhi. Lakini alilipa. Alinung'unika barazani na kulipa. Huenda angeendelea hivyo hadi uzeeni kama isingekuja ile habari ya mabango.

Ilikuja na gari la matangazo, asubuhi, likipita polepole kwa sababu ya mashimo. Wafanyabiashara wote walitangaziwa kwamba maandishi yoyote yanayotambulisha biashara, yawe kwenye bati, kwenye mbao au ukutani, yatalipiwa ada kufuatana na ukubwa wake. Siku chache baadaye akaja kijana wa mapato wa halmashauri, Sospeter, mpole, shati jeupe, futi kamba mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unataka kamba gani?"

"Sinunui, mzee wangu. Nimekuja kupima."

Juu ya mlango wa Uwesu palikuwa na bango la mbao lililoandikwa UWESU NA WANAWE. Watoto wake wote walikuwa wa kike na hakuna hata mmoja aliyeuza kamba, lakini fundi aliyelichora alisema maneno hayo yanalipatia duka uzito. Pembeni ya maandishi alichora samaki mkubwa, sangara mnene mwenye jicho la kushangaa. Sospeter akapanda kwenye kigoda, akapima maandishi. Akasogeza kigoda, akapima na samaki.

Uwesu akatoka nje. "Huyo samaki naye anasoma?"

"Ni sehemu ya tangazo, mzee."

"Na mkia?"

Sospeter akatazama mkia, akatazama futi. Ilionekana hilo swali hawakumfundisha. "Mkia nao," alisema mwishowe, kwa huruma.

"Sasa nisikilize, mwanangu. Samaki huyu nikimkata mkia, ada inapungua?"

"Inapungua."

"Nikimkata kichwa?"

"Mzee, hata ukimfuta wote, ni hiari yako."

Sospeter aliyasema hayo kwa heshima tu, ili mazungumzo yaishe. Lakini jioni hiyo Uwesu alikoroga chokaa kwenye ndoo, akapanda juu ya kigoda kile kile, akafuta jina lake, akafuta wanawe, na mwisho akamfuta samaki, kuanzia mkiani. Kesho yake Sospeter alipopita na bili, alikuta bango jeupe pe.

"Nikulipe nini?" Uwesu aliuliza. "Chokaa?"

Kijana wa watu akasimama pale, akarudisha futi mfukoni, akaenda zake. Mtaa mzima ulikuwa unatazama.

Wa kwanza kuiga alikuwa Kalista wa saluni ya Mrembo wa Katavi. Alimfuta mrembo wake aliyekuwa na shingo ndefu kupita kiasi, akasema hata hivyo hakuwahi kumpenda. Akafuata Evodi wa hoteli ya Shiba Kwanza. Wiki haikuisha, upande wote wa kulia ukawa mweupe, kisha wa kushoto. Watu wa mitaa mingine wakaanza kuuita Mtaa wa Sanda.

Vituko havikukosekana. Mkulima aliyetoka Kasansa kutafuta turubai la kufunikia mpunga aliingia saluni, akakuta wanawake wenye dawa kichwani, akaomba radhi kwa Kipimbwe, lugha ya kwao, na kukimbia. Kwa Evodi wakaingia watu wawili wakitaka kunyolewa. Lakini biashara haikufa. Watu walikuja makusudi kushangaa, na wakishashangaa, walinunua. Uwesu hakuwahi kuuza kamba nyingi kama alivyouza mwezi ule alipokuwa hana jina.

Redio ya hapo mjini ikamtuma mtangazaji. Uwesu akajinyoosha, akakohoa, akasema, "Mimi sipingi kodi. Mimi napinga kupimiwa samaki." Maneno hayo yakarushwa asubuhi, mchana na jioni. Vijana wa bodaboda wakawa wanayatumia kwa kila kitu. Abiria akiuliza nauli, anajibiwa, "Usinipimie samaki, bro."

Na hapo, kwa kuwa uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa karibu, wanasiasa wakaanza kufika dukani. Wa chama hiki akaja kusema msimamo wa Uwesu ndio msimamo wao tangu zamani. Wa chama kile akaja kusema hivyo hivyo, akaongeza fulana. Diwani mwenyewe, Mheshimiwa Abdillah, aliyekaa kwenye kikao kilichopitisha ada hiyo, alikuja akaishika mikono yote miwili ya Uwesu na kumwambia jambo hili limemkosesha usingizi.

"Uliipitisha wewe," Uwesu alimwambia.

"Tuliipitisha, ndiyo, lakini kwa masikitiko."

Uwesu aliwasindikiza wote hadi barabarani. Fulana alimpa Nasma afutie vumbi, na Nasma akaiweka kabatini kwa sababu ilikuwa ya pamba nzuri.

Diwani akaitisha mkutano kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Mtaa mzima ukafunga maduka na kwenda. Walipotaka kuchagua kamati ya wafanyabiashara ya kuzungumza na halmashauri, watu wote wakapiga kelele kwa pamoja, "Uwesu! Uwesu!" Akasimama. Alizungumza vizuri sana kuhusu madiwani, vioo vya magari na samaki, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Lakini uongozi wa kamati akaukataa. Alisema kamati ni mahali ambapo mtu mwaminifu huingia na posho hutoka. Akakaa chini akishangiliwa.

Ndipo Nasma akasimama. Hakuwa amepanga kusema. Alikuwa amekaa upande wa wanawake karibu na Kalista, na baadaye alisema mgongo ulimuuma tu akataka kujinyoosha.

"Mheshimiwa diwani," alisema, "hii ada tukiilipa, mnafanyia nini?"

Abdillah akataja maendeleo.

"Maendeleo ni jina la kanga. Mimi nauliza kitu. Mvua zikianza, maji yanasimama mbele ya maduka yetu mpaka tunapanga matofali ili mteja avuke. Mwaka jana kizee mmoja aliteleza hapo akavunjika mkono. Tuchimbieni mtaro wa zege kuanzia kwa Evodi hadi barabara kubwa. Siku tutakayouona, sisi wenyewe tutaandika majina yetu, makubwa, hata ya rangi mbili."

Vigelegele vikapigwa uwanja mzima. Kamati ikapata mwenyekiti.

Njiani kurudi nyumbani Uwesu alitembea mbele. Walipofika mlangoni akageuka. "Umeuuza mgomo wangu."

"Baba Zena, mgomo haukuwa na bei. Nimeutafutia."

"Watakudanganya. Watakuchimbia shimo, watasema ni mtaro."

"Basi tutakuwa na shimo. Sasa hivi tuna nini? Chokaa."

Uwesu akaingia ndani mbele yake, na chokaa hiyo ilimuudhi kuliko mtaro wenyewe.

Halmashauri ikasema inasitisha ada ya mabango katika mtaa ule kwa kipindi cha mazungumzo, na mtaro utatazamwa. Kwa Mpanda nzima hilo lilihesabiwa ushindi, na ushindi ukamwendea aliyeongea mwisho. Kabla ya wiki mbili, chama kilichowahi kufika mlangoni kikamwomba Nasma agombee uenyekiti wa mtaa. Akaomba muda wa kufikiri, akafikiri wakati wa kupika, akakubali kabla ugali haujaiva.

Mateso ya Uwesu yakaanzia hapo. Nyumba yake, ambayo haikuwahi kubandikwa picha ya mgombea, sasa ilikuwa na mgombea mwenyewe kitandani akikoroma. Wapiga debe walikunywa chai sebuleni kwake. Walimwita "baba wa ushindi", wakamaliza sukari. Spika ya kampeni ilihifadhiwa nyuma ya duka, katikati ya maturubai, na siku moja mvulana wa chama alipoijaribu, mteja kutoka Ikola aliruka na kuangusha rundo la nyavu. Lililomuumiza zaidi ni kwamba Nasma alikuwa anasema kweli. Usiku na mchana Uwesu alitega sikio amkamate na ahadi ya uongo, asiipate. Mtu aliposema, "Mama, tutapata na zahanati?" Nasma alijibu, "Sijui. Mimi nimesema mtaro." Uwesu akaona huyu hatashinda kamwe.

Barazani watu walimtania. "Mzee, mwaka huu si utampigia mama?"

"Kura ni siri," alijibu. Na ndani ya moyo wake hakujua atafanya nini. Kumchagua mke wake kulikuwa ni kukiri kwamba wapo wanasiasa wa kuchaguliwa. Kumpigia mstari kulikuwa ni kurudi nyumbani na kula chakula alichopika yeye.

Siku ya uchaguzi akavaa kanzu yake, akapanga foleni. Nasma alikuwa amesimama mbali kidogo, kwa mujibu wa sheria, amejifunika mtandio wa kijani, na alipomwona mumewe aligeuza uso ili asimbane. Uwesu akapewa karatasi, akaingia. Nia aliyoingia nayo, kama alivyoapa baadaye, ilikuwa njema. Alikuwa ameamua kumchagua. Lakini mkono ulikuwa na miaka mingi ya kazi moja. Kabla hajalitafuta jina la Nasma, kalamu ilikuwa imeshaanzia juu na kufika chini.

Akasimama akiitazama karatasi. Jina la mke wake lilikuwa limekatwa katikati, vizuri kabisa, kwa mkono ulionyooka.

Angeweza kuitumbukiza. Hakuna ambaye angejua. Alishika karatasi, akaona tundu la sanduku la kura, akaona kwa upenyo wa pazia kipande cha mtandio wa kijani kule nje. Akaikunja karatasi, akatoka nayo mkononi, akaenda mezani kwa msimamizi wa kituo, binti mmoja aliyeitwa Faudhia, mwalimu wa shule ya msingi.

"Nimeharibu," alisema kwa sauti ya chini. "Naomba nyingine."

"Inaruhusiwa, mzee. Nipe hiyo iliyoharibika." Akaikunjua, kama utaratibu unavyotaka, mbele ya mawakala wa vyama. Mawakala wakainama. Wa chama cha Nasma akaguna.

"Mzee," Faudhia aliuliza, "kalamu iliteleza?"

Uwesu angeweza kusema iliteleza. Lakini alikuwa mtu asiyependa uongo wa wengine, na alijikuta hana mazoea ya kutumia wa kwake. "Haikuteleza," alisema. "Ni mazoea."

"Mazoea?"

"Ndivyo ninavyopiga siku zote."

Mwalimu akaziba mdomo kwa karatasi. Wakala mmoja akashindwa kujizuia, akacheka kwa nguvu, na foleni iliyokuwa mlangoni ikataka kujua kuna nini, ikaambiwa. Habari ilitembea kwenye mstari kama mtungi wa maji wakati wa kiangazi. Uwesu mpiga kura hodari, Uwesu wa kidole cha wino, hajawahi kumchagua mtu! Alirudi ndani akiwa na karatasi mpya na masikio ya moto. Safari hii alishika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaweka alama ya vema mbele ya jina la Nasma, akaitazama. Hakujisikia vizuri. Alijisikia kama mtu aliyemwazima jirani baiskeli akijua huenda haitarudi.

Nasma akashinda bila kubanana. Wengine walisema ni kwa ajili ya mtaro, wengine wakasema ni huruma kwa mwanamke mwenye mume wa namna ile. Jioni, wageni walipoondoka, alimwekea Uwesu chakula, akakaa.

"Nimeambiwa ulinikata," alisema.

"Kisha nikakuunga."

Nasma akacheka mpaka machozi yakamtoka. Uwesu naye akacheka, baada ya kuhakikisha kwamba haikuwa hasira.

Mtaro ulikuja kiangazi kilichofuata, baada ya Nasma kwenda halmashauri mara nyingi hata walinzi wa getini wakawa wanamwita shangazi. Fedha zilitolewa nusu. Nusu nyingine, alisema kwenye mkutano wa mtaa, itabidi iwe nguvu za wananchi, yaani mchango wa kila duka na kila kaya. Watu wote wakageuza shingo kumtazama Uwesu. Akasimama, maana alitegemewa kusimama. Akamuuliza mwenyekiti zege ni la kipimo gani, fundi ni nani, amepatikanaje, na kama kuna posho. Nasma akajibu moja moja, bila kumwita baba Zena. Fundi alikuwa Sixte, aliyejenga kalavati la njia ya shule. Posho hakuna. Uwesu akabaki amesimama akitafuta swali jingine. Halikupatikana, akakaa, na kesho yake akalipa mapema kabla mtu hajamwona. Alipofika kwa Evodi kunywa chai, alikuta watu wameshajua.

Halmashauri nayo haikusahau. Mtaro ulipokamilika, ada ikarudi. Mtaa wa Mninga ukaandika majina yake upya, makubwa, kama Nasma alivyoahidi, na Sospeter akapita akipima huku akisalimiwa na kupewa chai.

Kisha mvua zikaanza. Maji yaliyozoea kusimama mbele ya maduka yakaingia kwenye mtaro, yakashuka kwa kasi nzuri, safi, mtaa mzima ukatoka kuyatazama yanavyokwenda. Hakuna aliyeuliza yanakwenda wapi.

Walijua baada ya siku chache. Kundi la watu kutoka mtaa wa chini lilifika ofisini kwa mwenyekiti, wamelowa hadi magotini, mbele yao mwanamke mnene aliyebeba kuku mfu. Aliitwa Romana, alifuga kuku wa mayai bondeni, na banda lake sasa lilikuwa limekuwa bwawa. Nasma hakuwepo. Alikuwa ameitwa kwenye semina ya viongozi Sumbawanga. Ofisini alikuwepo Uwesu, aliyekuja kufungua dirisha tu.

"Wewe ndiye serikali?" Romana aliuliza.

"Mimi ni mume wake."

"Basi mwambie mkeo maji yenu yameua kuku zangu. Nyie mmekaa huku juu mnachimba, mnajiandika majina makubwa, sisi tunaogelea! Na tuwaambie mapema, michango hatutoi. Hata senti!"

Alikuwa na sauti kali, mkono kiunoni. Uwesu alimpenda papo hapo. Alitaka kumwambia ana haki, akomae hivyo hivyo, asimwamini mtu yeyote. Akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Mama, suala lenu limepokelewa. Linashughulikiwa."

Alijisikia akiyasema. Romana alimtazama kwa namna ambayo Uwesu mwenyewe alikuwa amewatazama watu wengi, na kwa mara ya kwanza akajua namna hiyo inavyouma upande huu mwingine. Nyuma ya Romana mtu akasonya.

"Subirini," Uwesu alisema. "Nimesema upuuzi. Mimi sina cha kushughulikia, sina cheo wala muhuri. Huko kwenu kweli kuna maji mengi?"

"Njoo uone, kama siyo mwoga."

Akafunga ofisi. Akavua viatu, akaviacha mlangoni, akakunja kanzu na kuifunga kiunoni kama mvuvi. Wakashuka pamoja chini ya manyunyu, Romana mbele na kuku wake, akiendelea kumsema bila kupumzika, na Uwesu nyuma akiitikia, mpaka walipofika bondeni. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Romana akasimama ukingoni, akamwonyesha banda kwa kidevu.

Uwesu akaingia majini kuelekea bandani. Yalikuwa ya baridi, na yalikuwa na kina kuliko alivyodhani.